Dawa inayoamshwa na mwanga: kusambaa mwilini ni kasoro?

Wanaoitilia shaka tiba ya saratani kwa dawa inayoamshwa na mwanga wana hoja ya kweli: dawa yenyewe haichagui pa kwenda. Photofrin, tunda la kazi ya mtafiti Thomas Dougherty huko Buffalo, New York, ikishachomwa mshipani husambaa mwili mzima. Ini na wengu huinyonya kuliko hata uvimbe. Uvimbe nao huing'ang'ania, maana mishipa yake ya damu huvuja na limfu (majimaji ya tishu) haitoki vizuri. Lakini ukiulinganisha na nyama iliyo jirani, mara nyingi dawa iliyomo ni mara 2 au 3 tu ya ile ya jirani. Kwa dawa iliyosifiwa kuwa inalenga, hizo ni namba za kuona haya.

Ila kinachopimwa hapo ni dawa pekee, nayo peke yake gizani haiui seli. Inataka mwanga na oksijeni. Ini limejaa dawa, lakini nani ataliangaza? Daktari husubiri saa 40 hadi 50 tishu nyingine zipungukiwe na dawa, kisha, kwa mwenye saratani ya umio, hupitisha waya mwembamba kwenye umio na kumulika mwanga mwekundu wa nanomita 630, usiozama zaidi ya sentimita moja hivi. Oksijeni inayoamshwa na dawa, ambayo ndiyo inayoua seli, huzimika kabla ya kuvuka upana wa seli moja. Padeliporfin, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume, haingoji hata kuingia kwenye uvimbe: humulikwa ingali ndani ya mishipa ya damu, mishipa ikaziba, uvimbe ukakosa chakula.

Ngozi ndiyo inayonikwaza. Yenyewe haikai gizani. Photofrin hudumu humo siku 30 au zaidi, na mafuta ya kawaida ya kujikinga na jua hayafai kitu, kwani huzuia miale ya urujuanimno ilhali dawa huamka hata kwa mwanga unaoonekana. Kujifungia gizani nako ni kosa (wagonjwa wengi hudhani ndiyo busara), kwa sababu mwanga hafifu wa sebuleni huimaliza dawa ngozini taratibu. Kwa mtu wa Buffalo mwezi Januari, wakati wa baridi na jua hafifu, hayo yanavumilika. Mkulima wa Bomet, magharibi mwa Kenya, ambako saratani ya umio ni nyingi, atalipalilia vipi shamba? Wanaotengeneza dawa mpya wangeshughulikia kwanza kasi ya kuondoka ngozini, kabla ya kuhangaikia ini na wengu.