Aliyekuja na Trela Ananifundisha Uasili

Jumamosi iliyopita, tulipokutanisha magari yetu ya zamani, mzee mmoja alipiga magoti kwenye lami ya Houston, jua la saa nne hilo, akamulika tochi ya simu chini ya Chevrolet Impala yangu. Nikadhani kaona oili inavuja. Kumbe anatafuta Powerglide, giaboksi yake ya kiwandani. Alipoikosa akasimama, akajipangusa magoti, akanishika bega kama anayetoa pole msibani: "Kijana, umeliua."

Nina miaka 46, kwa hiyo hilo la kijana nililipokea kwa shukrani. La pili ndilo limenikaa kooni wiki nzima.

Muda wa kuondoka ulipofika nikamwona anavuta gari lake kwa winchi kulipandisha kwenye trela. Chevrolet ya 1964, kila boliti ya kiwandani, chini unaweza kulia ugali. Na pikapu inayoivuta? Giaboksi ya oto, gia 10. Yaani yeye mwenyewe asafiri kwa gia 10, kiyoyozi kinapuliza, uasili ufuate nyuma umefungwa mikanda.

Mnaolijua gari langu mnajua lilivyokuwa. Impala ya 1966, injini ya V8 ya inchi za ujazo 283, Powerglide ya gia mbili. Mbili! Ya kwanza injini inazunguka mara 1.82 propela ikizunguka mara moja, ya pili moja kwa moja, umemaliza ngazi. Siisemi vibaya Powerglide, maana ni chuma kweli, na watu wa mbio za robo maili wanaigombania hadi leo. Lakini mimi siishi robo maili. Mimi naishi kwenye I-45, barabara kuu ya Houston kwenda Dallas.

Difu yangu ni 3.36, yaani propela inazunguka mara 3.36 tairi likizunguka mara moja, tairi zina kimo cha inchi 27. Kwa maili 75 kwa saa, ambao hapa Texas ni mwendo wa kuwaomba radhi walio nyuma yako, injini inazunguka mara 3,100 na ushee kila dakika. Nusu saa unavumilia. Mwaka juzi tulialikwa harusi Dallas, kilomita 385 hivi, mama Neema pembeni, watoto nyuma. Tulipofika Corsicana hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake, tunaelekezana kwa mikono kama wavuvi walioko ngalawa mbili. Mama Neema akaniinamia sikioni: "Baba Neema, hii gari au mashine ya kusaga?" Kurudi alirudi na Corolla ya shoga yake, na watoto wakamfuata. Nikarudi peke yangu na V8 yangu, nikiwa na uasili wote na kichwa kinagonga.

Baada ya hapo gari likalala gereji miezi minane. Hapo ndipo penye hoja yangu, na mzee wa trela anisikilize vizuri. Miezi minane chini ya shuka. Petroli ikachacha kwenye tangi mpaka ikanuka kama rangi ya zamani. Kabureta ikakauka ndani. Raba za breki zikagoma. Panya akazalia kwenye kiti cha nyuma, kwenye sponji lile lile la kiwandani ambalo watu wa uasili wanaliabudu. Betri nilinunua mbili. Kila Jumapili nafungua mlango wa gereji, naliangalia, nafunga. Kama kuna siku niliyoliua gari hili, basi ni katika siku hizo, na wakati huo lilikuwa na Powerglide yake, namba zote mahali pake, halijaguswa na spana. Mbona hakuna aliyekuja kunipa pole?

Gari la zamani haliuawi na giaboksi. Linauawa na safari ambazo huendi kwa sababu unajua utakavyoumia. Leo huendi Dallas, kesho huendi San Antonio, mwishowe unaliendesha hadi kituo cha mafuta na kurudi, na siku moja hata huko huendi.

Basi nikafunga 200-4R, giaboksi ya oto ya gia nne. Hizi General Motors walianza kuzitoa 1981, baada ya ile misukosuko ya mafuta kuwafundisha adabu, na ndiyo oto iliyokuwa kwenye Buick Grand National, gari la kasi, kwa hiyo msiniambie ni ya akina mama. Wengi wangenishauri 700R4, oto nyingine ya gia nne ya GM, na si mbaya, ila gia yake ya kwanza ni fupi mno, 3.06, halafu ya pili inakuangusha hadi 1.63. Hii ya kwangu inakwenda 2.74, 1.57, moja, kisha 0.67, ambayo ndiyo ovadraivu: propela inazunguka kuliko injini. Raha yake kubwa ni kwamba urefu wake unalingana na wa Powerglide iliyotoka, na meno ya propela ni yale yale 27. Propela sikuikata. Kilichohama ni chuma kinachobeba mkia wa giaboksi, kimerudi nyuma, nikatoboa matundu manne. Hayo matundu manne ndiyo maiti aliyoiona mzee.

Sasa maili 75 inanipa mizunguko 2,100 hivi. Redio inasikika. Juzi tulikwenda San Antonio na kurudi siku hiyo hiyo, na Neema alilala njia nzima, mdomo wazi.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa kazi ya mara moja. Ya kwanza niliiunguza mwenyewe. 200-4R haina kompyuta. Ina waya mmoja unaotoka kwenye kabureta kwenda ndani, na waya huo ndio unaoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani ili ipandishe presha. Watu wanauona wanadhani ni wa kushushia gia tu. Fundi wangu, Mmexico mmoja asiyependa maneno mengi, aliniambia nisiliondoe gari hadi arudi na kipande cha kufungia waya kwenye kabureta, ili uvute kwa kipimo chake. Nikaona kipande chenyewe kidogo hivyo kitanisubirisha hadi Jumatatu? Nikaufunga kwa akili yangu, ukalegea, nikatoka. Presha ndogo, plati za klachi zinateleza, mimi natamba tu dirisha liko chini. Sikufika hata nusu ya safari. Oili ilipotolewa ilikuwa nyeusi, inanuka mkate ulioungua. Fundi aliniangalia, akaangalia waya, akaenda kunywa soda.

Tena msisahau kuiwekea rejeta yake ndogo ya kupoza oili, na difu ikiwa ndefu sana, tuseme 2.73, msihangaike kabisa: gia ya nne itaizamisha injini hadi itetemeke.

Kuhusu mafuta, ndiyo, linakula kidogo kuliko zamani. Ila anayefunga ovadraivu ili arudishe pesa yake kwenye petroli, hesabu hiyo asiifanye mbele ya mkewe.

Mjomba wangu Tanga alikuwa na Land Rover 109 yenye injini ya Isuzu. Ilibeba machungwa ya Muheza, ilibeba maharusi, ilibeba majeneza. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyeinama kuchungulia boneti akasema hii si Land Rover tena. Wangesema wakati gani, nao wamepanda nyuma?

Haya, nakubali, tena kwa shingo upande. Kama unayo Chevelle SS 396, Chevrolet ya kasi, yenye namba zinazolingana, yaani injini na giaboksi ndizo zile zile ilizotoka nazo kiwandani, iache kama ilivyo, utakuwa mjinga ukiigusa. Yako ni kumbukumbu, na kumbukumbu zinahitaji watunzaji, hata wenye trela. Lakini Impala ya 283 zilitoka nyingi sana, na hii yangu nilipoinunua ilikuwa na mlango wa rangi nyingine. Uasili gani huo tunaoulilia?

Powerglide haijatupwa. Iko chini ya meza ya gereji, imefungwa nailoni, tundu la nyuma limezibwa kwa soksi ya Neema. Mzee akiitaka, anajua nilipo. Trela si anayo.