Kichwa cha Tausi Kimehamia Kwangu

Naandika haya kwa kulazimishwa. Video yangu imezunguka tangu juzi usiku, na jana shangazi yangu wa Muheza kaituma kwenye kundi la familia akauliza, "Huyu si mtoto wetu?" Kwa hiyo wadau, kabla hamjaliamini toleo la rafiki yangu, ambaye simtaji jina kwa sababu ananidai, nisikilizeni mimi mwenyewe mwenye makalio.

Kwanza kabisa: sikukalia mungu wa mtu. Nilikalia tausi. Tena tausi wa unga.

Jumatatu ilikuwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Mnajua ninakokaa, Upanga, ghorofa ya pili, na chini yetu yuko Ba na familia yake. Ba ni bibi kwa Kigujarati, na jengo zima tunamwita hivyo mpaka mlinzi. Kazaliwa Tanga, na Kiswahili chake mimi nasikilizia tu. Kila Diwali sahani yake ya barfi na chevda hupanda ngazi mpaka mlangoni kwangu, na kila Ramadhani naishusha na kaimati, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Mwaka huu Ba akaniambia, "Mwanangu, sahani imechoka ngazi. Shuka wewe."

Nikashuka. Na kanzu yangu ya Idd, nyeupe pee, darizi kifuani, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nikambeba na rafiki yangu huyo, kwa hisani tu, apate kula. Ndiyo malipo yake haya.

Dalili mbaya zilianza mapema. Nikapewa kitu kimekunjwa nusu mwezi, kimesukwa ukingoni, kimekaangwa. Mtu wa pwani ukiona umbo lile akili inasema sambusa. Nikalichovya kwenye chatne ya pilipili, nikatia mdomoni nusu nzima. Ni ghughra. Ndani mna sukari, nazi na iliki. Sukari na pilipili zikakutana kooni, machozi yakanitoka, na mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba kijana ameguswa na ibada.

Sasa njooni uwanjani, mlangoni kwa Ba.

Wajukuu wake wawili walikuwa wameinama pale tangu saa nane mchana wakichora rangoli. Mimi nilidhani wanamwaga rangi tu. Kumbe kwanza wanatia vidoto vya chaki sakafuni, wanahesabu, ndipo wanachukua unga wa rangi kwa dole gumba na cha shahada, kama mama anavyopima chumvi ya mchuzi, wanauachia taratibu mstari kwa mstari. Tausi huyo! Shingo ya buluu, mkia wa kijani umefunguka kama kipepeo, kila jicho la mkia lina rangi tatu. Pembeni wamemzungushia diya, vile visahani vya udongo vyenye samli na utambi wa pamba. Kisha, kutoka kizingitini kuingia ndani, wamechora nyayo ndogo nyeupe. Nyayo za Lakshmi, mungu wa neema na mali. Usiku ule huingia kwenye nyumba safi yenye taa, na nyayo zinamwelekeza njia.

Shikeni hapo kwenye nyayo, tutarudi.

Ikafika zamu ya fataki. (Za baruti, jamani. Msinilete wale mafataki, wanaume wazima wa kuhonga wanafunzi chipsi.) Watoto wakawasha chakri, kigurudumu kinachowekwa chini kikazunguka kama pia huku kinatema cheche. Watu wote wakasogea. Mimi nikabaki, kwa sababu mwanamume mzima mwenye kanzu hakimbii kitu cha ukubwa wa kitumbua.

Chakri ikaacha kuzunguka mahali pamoja. Ikayumba kushoto. Ikafikiri. Ikaja kwangu.

Nikarudi hatua moja. Nayo ikaja hatua moja. Watoto wakaanza kupiga kelele: "Nyuma! Nyuma!" Nami mtiifu nikarudi nyuma. "Nyumaaa!" Nikaongeza mwendo. Wallahi sikujua kwamba wenzangu wananiambia kilichopo nyuma yangu, si niende nyuma. Kiswahili hiki kitatuua.

Kisigino kikagusa diya, kwik. Kanzu ikanibana magoti. Nikaelea kidogo, nakumbuka niliiona taa ya ghorofa ya tatu, nikaona uso wa rafiki yangu, nikaona simu yake ikinyanyuka. Kisha nikatua. Hapakuwa na kishindo. Palitoka sauti kama mtu kakalia gunia la sembe: pfuuu. Wingu la buluu likanipanda mpaka mabegani. Ile chakri, baada ya kumaliza kazi yake, ikazimika.

Kimya.

Diya ilizimika kwa rehema za Mungu, sikuungua. Ila samli yote ilimwagikia chini yangu, na samli ikikutana na rangi ya unga, hiyo si rangi tena, ni gundi.

Nikasimama. Nikaangalia sakafuni: tausi ana mkia, ana miguu, hana kichwa. Hapo ndipo ningenyamaza, nikapanda zangu juu. Lakini nilishasoma mahali kwamba Wahindu huwagusa wazee miguu kwa heshima. Nikasema nimwombe Ba radhi kwa adabu ya kwao. Ba alikuwa ndani, kitini. Nikaingia peku, miguu ina kijani na waridi, juu ya zile nyayo. Lakshmi hatua moja ndogo, mimi namba 44. Nikafika mbele yake, nikainama, nikamgusa miguu.

Mlango uko wazi. Uwanja mzima uko nyuma yangu. Na mimi nimeinama.

Kichwa cha tausi, wadau, hakikuwa kimepotea. Kilikuwa kwangu. Shingo, mdomo, mpaka jicho, kimechapika sawasawa kama kanga mpya, na kwa jinsi nilivyokunja kiuno, kilikuwa kinawatazama wageni. Mtoto mmoja akasema, "Huyo hapo!" Ndipo hiyo video mnayoisikia vicheko vyake.

Ba alicheka mpaka akavua miwani. Alipopata pumzi akasema, "Inuka mwanangu. Lakshmi hana miguu mikubwa hivyo, atajua si yeye."

Yaliyofuata ni mafupi. Nikaomba msamaha, wajukuu wakakataa, nikaomba tena, nikapewa jalebi, nikapanda ngazi kwa mgongo. Jana kanzu kwa dobi. Kaigeuza, kaita mwenzake, wakashauriana, kasema rangi ingetoka ila samli imeila. Leo nimepita, kaitundika nje ya banda, upande wa tausi umeelekea barabarani.

Leo Wagujarati wenzetu wameamkia mwaka mpya wa kalenda yao, 2082, nami kodi ya 2025 sijamaliza. Nimeshuka kumpa Ba Saal Mubarak, salamu ambayo nusu yake naijua toka Idd. Wajukuu wakanijia na barua ya mkono. Kesho ni Bhai Bij, siku dada anapomlisha kaka yake na kumpaka rangi nyekundu usoni. Wameandika: "Kaka, njoo ule mchana. Rangi tutakupaka sisi, tena mbele. Usivae nyeupe."