Msimamo Wako, Nani Anaulipia?

Mara ya kwanza nilipokwenda kupiga kura ya mchujo hapa Texas, mama aliyekaa mezani alichukua leseni yangu ya udereva, akahangaika kidogo na jina langu, kisha akauliza: "Chama gani?" Hapa hatuandikishwi kwa vyama wala hakuna kadi ya uanachama. Unafika kituoni, unataja Republican au Democratic, unapewa kura ya chama hicho. Nikasema Republican. Watu wawili watatu kwenye foleni waligeuka kunitazama. Mtu mweusi, lafudhi ya mbali, anaomba kura ya wahafidhina.

Mimi sikuona ajabu. Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa kule Machame, mtu wa kahawa na ng'ombe wawili wa zizini, na aliyotufundisha ndiyo ninayoyasikia wahafidhina wa huku wakiyasema wanapokuwa katika siku zao njema: familia kwanza, jasho la mtu liwe lake, serikali isitie mkono kila chungu. Kilichonigusa siku ile ni kitu kingine. Fundi wa viyoyozi kama mimi, nisiyejulikana na kiongozi yeyote, nilikuwa nachagua nani awe mgombea. Nyumbani Tanzania, ndani ya CCM, chama tawala, kura za maoni ni maoni kwelikweli, maana vikao vya juu ndivyo vyenye neno la mwisho na aliyeongoza anaweza kukatwa. Mwaka 2015 makada 38 walirudisha fomu za kuomba urais. Dodoma ikachuja wakabaki watano, wakabaki watatu, akabaki mmoja, na mwanachama wa kawaida alifuatilia redioni kama anavyofuatilia mpira.

Basi nimepewa nguvu hiyo. Niitumieje? Hapo ndipo tunapobishana kila baada ya miaka miwili, mimi na jirani yangu.

Jirani ni mzee mstaafu, mtu mwema, ndiye aliyenifundisha kuzima maji ya nyumba yasigande kwenye mabomba wakati wa baridi kali. Mfuko wa shati lake hauishi kijitabu cha Katiba ya Marekani, pembe zimejikunja, jalada limelainika kwa jasho. Akiongea siasa anakigusa kwa vidole viwili. Kwake, mgombea anayeachia kifungu kimoja leo ataachia vyote kesho, na heri kushindwa na msimamo kuliko kushinda bila huo. Mwanawe, anayefanya biashara ya bima, humjibu kuwa kiti ulichokipoteza hakitungi sheria yoyote. Wahafidhina wa hapa wana kanuni ya zamani inayohusishwa na mwandishi William F. Buckley tangu miaka ya 1960: muunge mkono aliye upande wa kulia zaidi miongoni mwa wanaoweza kushinda. Kila upande unasisitiza nusu yake ya sentensi hiyo.

Ushahidi upo kwa wote. Mwaka 2010 wapiga kura wa Republican jimboni Delaware walimwangusha Mike Castle, aliyewahi kuwa gavana na ambaye wengi walimtarajia kukichukua kiti cha useneta, wakamchagua Christine O'Donnell kwa kuwa Castle walimwona vuguvugu. Novemba kiti kikaenda kwa Chris Coons wa Democratic bila jasho. Mwaka huohuo Utah walimkataa seneta wao Bob Bennett katika mkutano wa chama, mojawapo ya makosa yake likiwa kuunga mkono fedha za kuokoa mabenki mwaka 2008. Mike Lee akaja na hoja za Katiba mkononi, na yuko Seneti mpaka leo. Ukitaka kuhesabu viti tu, utahesabu mpaka kesho na hutapata jibu.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa upande wa mzee. Nimetoka mahali ambapo nimeona maneno yakibadilishwa kama shati, kwa hiyo mtu asiyebadilika alinivutia. Kilichonisimamisha ni jina ambalo mzee hulitaja kwa heshima kuliko yote: Barry Goldwater, seneta wa Arizona, mgombea urais wa Republican mwaka 1964.

Mwezi Juni mwaka huo Goldwater alipiga kura ya hapana kwa Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi wa rangi mahotelini na kazini. Hakuwa mtu wa kuchukia weusi. Sheria za haki za kiraia za 1957 na 1960 aliziunga mkono. Alisema Katiba haiipi serikali kuu mamlaka ya kumwamuru mwenye hoteli ampokee nani, wala mwajiri amwajiri nani. Msimamo mtupu, bila hesabu ya kura. Wenzake wa Republican katika Seneti, wakiongozwa na Everett Dirksen wa Illinois, walifanya kinyume: walikaa na Democratic, wakapunguza hapa, wakaongeza pale, na maseneta 27 kati ya 33 wa chama hicho wakaipitisha. Novemba Goldwater alipata majimbo sita tu, lake la Arizona na matano ya Kusini kabisa, na weusi ambao bado walikuwa wakikipigia kura chama cha Lincoln, rais aliyepigana na utumwa, wakakipa kisogo. Hawajarudi.

Nilipohama Houston kuja Dallas, mimi na mke wangu tulikatiwa njiani na mvua ya mawe, tukalala katika hoteli ndogo ya barabarani. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Mama wa mapokezi alituongezea blanketi bila kuombwa, ya kijani, yenye harufu ya sabuni ya unga. Kabla ya Julai 1964 mwenye hoteli kama ile angeweza kutuambia tuendelee na safari na mvua yetu, na sheria ingemlinda. Kila mzee akimsifu Goldwater mimi naona blanketi ile. Na Katiba ileile iliyomo mfukoni mwake ina Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, yanayomhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Goldwater aliyasoma kana kwamba yameandikwa kwa wino hafifu.

Nilimwambia mzee hivyo, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza chake. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kwa hiyo wewe unataka wanaoyumba." Sikuwa na jibu siku ile. Nilijua tu kwamba sitaki wanaoyumba, na kwamba Dirksen hakuyumba.

Jibu lilinijia kutoka Arizona hiyohiyo, miaka zaidi ya hamsini baadaye. Rusty Bowers alikuwa Spika wa bunge la jimbo, Mrepublican wa damu, aliyempigia Donald Trump kura na kampeni mwaka 2020. Baada ya uchaguzi alipigiwa simu na Trump na wakili wake Rudy Giuliani, wakimtaka atumie bunge lake kubadilisha wajumbe wanaopiga kura za urais kwa niaba ya jimbo. Aliomba ushahidi. Haukuletwa. Akakataa, akasema ameapa kuilinda Katiba, na kwamba imani yake inamfundisha Katiba hiyo ilitoka kwa Mungu. Watu wakaja kuzunguka nyumba yake na vipaza sauti, ndani binti yake akiwa mgonjwa mahututi. Agosti 2022 akagombea useneta wa jimbo, na kura ya mchujo ya chama chake mwenyewe ikamtupa nje.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nakitafuta. Goldwater na Bowers wote walisema "Katiba hainiruhusu." Lakini msimamo wa Goldwater ulilipiwa kwanza na watu waliokuwa wakifukuzwa mahotelini. Wa Bowers aliulipia yeye, kwa amani ya nyumba yake na kwa kiti chake. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia mgombea fulani ana msimamo, nauliza nani anaulipia. Wengi wanaoshika Katiba mkononi mikutanoni wanaipenda inapowafunga wengine. Mkuki kwa nguruwe.

Kwenye mambo mengine mimi ni mtu wa maridhiano. Kodi iwe asilimia ngapi, ukuta wa mpakani uishie wapi, bajeti ya shule ikatwe au isikatwe, tukae mezani tugawane. Hata hiyo Katiba ya Philadelphia ya 1787 ni mapatano: majimbo madogo yalipata Seneti yenye maseneta wawili kwa kila jimbo, makubwa yakapata baraza linalofuata idadi ya watu. Walipatana pia kumhesabu mtumwa kama sehemu tatu kati ya tano za mtu, na mapatano hayo yalilipiwa na watu ambao hawakuwepo chumbani. Swali langu ni lilelile.

Nyumbani tulikuwa na funzo kubwa kuliko haya, na linaniuma zaidi kwa kuwa nililitazama kwa mbali. Aprili 2014 wapinzani walitoka katika Bunge Maalumu la Katiba pale Dodoma. Walisema rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyobeba maoni ya wananchi, serikali tatu na miiko ya viongozi, inanyofolewa. Wakaungana, na jina walilojipa ndilo lilikuwa msimamo wenyewe: Umoja wa Katiba ya Wananchi, UKAWA. Miezi 15 baadaye mgombea wao wa urais alikuwa Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, aliyekatwa na CCM wiki chache kabla. Mahakama haikuwahi kumtia hatiani, na hilo liandikwe. Lakini CHADEMA wenyewe, chama kikubwa ndani ya UKAWA, walikuwa wamezunguka nchi kwa miaka wakilitaja jina lake katika hotuba za ufisadi. Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kingine cha UKAWA, akieleza kuwa dhamiri inamsuta kuwapokea watu waliokuwa upande wa pili wa vita ya Katiba. Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, naye akaachana na chama alichokijenga.

Kaka yangu mkubwa yuko Moshi, na alikuwa mtu wa UKAWA. Tumelizungumza hili mara nyingi. "Mdogo wangu, siasa ni hesabu," huniambia. "Lowassa alitupa karibu asilimia 40. Mpinzani gani mwingine aliwahi kuzifikisha tangu 1995?" Ni kweli, hakuna. Halafu namuuliza nani alilipa. Ni vijana waliokuwa wamelala njaa vijijini wakieleza ufisadi, wakaamka asubuhi moja wakitakiwa kumeza maneno yao mbele ya watu walewale. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Vijana wale hawakuwa na pa kurudi.

Ila simlaumu Lowassa peke yake, na hapa ndipo tofauti ya huku na nyumbani inaponiuma. Katiba yetu inamtaka mgombea adhaminiwe na chama. Ukikatwa na chako, huna njia ila kuomba nafasi katika cha mwenzio, hata kama jana ulikuwa ukikipinga. Mchungaji Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi mahakamani kwa takribani miaka 20, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha kwetu, ilisema Tanzania inavunja haki ya wananchi wake kwa kuwazuia. Huku, mwaka 2010, Lisa Murkowski wa Alaska aliangushwa katika mchujo wa Republican. Jina lake halikuwemo kwenye karatasi ya kura. Akawaomba wananchi waliandike kwa mkono, herufi kwa herufi, jina gumu namna ile, na wakaliandika, akarudi Seneti. Hakulazimika kumwomba hifadhi mtu aliyekuwa akimtukana.

Katika mchujo wetu mmoja wa karibuni tulialikwa ukumbini kuwasikia wagombea wa kiti cha bunge la jimbo. Walikuwa wanne. Wote walitamka "Katiba" katika dakika mbili za mwanzo. Zamu yangu ilipofika nilisimama, magoti hayana nguvu, nikauliza: "Kila mmoja wenu atutajie siku moja ambayo Katiba ilimzuia kupata kitu alichokitaka sana." Wa kwanza akazungumzia bendera. Wa pili akamzungumzia babu yake aliyepigana vita. Wa tatu akasema hajaelewa swali. Wa nne, mama aliyewahi kuwa diwani, alishika kipaza sauti kwa muda bila kusema. Kisha akaeleza kuwa kuna kikundi kilikuwa kikisimama mbele ya maktaba ya mji kikisema maneno aliyoyachukia, maneno ya kuwatusi watu wa kanisa lake. Wapiga kura wake walimtaka awaondoe. Alitamani kuwaondoa. Akasoma Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, akapiga kura waachwe, na mwaka uliofuata akapoteza udiwani. Alisema hayo akitazama meza.

Jirani yangu alikuwa pembeni yangu. Akakigusa kile kijitabu, lakini safari hii akakitoa na kukishika mapajani.

Nilimpa mama yule kura yangu. Matokeo yalipotoka ilikuwa saa tatu usiku huku, kwa kaka saa kumi na mbili asubuhi, nasikia jogoo kwenye simu. Akauliza kwanza kama tumeshinda. Nikamwambia ameshika nafasi ya tatu, hakuingia hata duru ya pili. Kaka akanyamaza. Nikangoja aniambie habari za hesabu. Akasema, "Hebu nirudie ile ya maktaba. Polepole, nimwite na mwanao huyu asikie." Nikasikia anamwita binti yake, aliyefikisha miaka 18 mwaka huu na hajawahi kupiga kura, na kiti kikiburutwa kusogea simuni.