Maneno ya sheria yanayotuponza ni yale tunayodhani tunayajua

Mtu akikuta neno geni kwenye mkataba, atauliza. Akikuta "mdhamini", anatia sahihi. Ndugu anataka mkopo, anahitajika mtu wa kumsemea kwamba ni mwaminifu, basi. Kumbe mdhamini hasemei tabia ya mtu. Anaahidi kulipa yeye mwenyewe iwapo aliyekopa atashindwa, na mikataba mingi inampa mkopeshaji ruhusa ya kumfuata mdhamini moja kwa moja, bila kumalizana kwanza na mkopaji.

Kuna kifungu kingine ambacho wengi hukipita haraka: "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Watu watatu wakikopa milioni tisa, kila mmoja anajihesabia tatu zake. Kifungu hicho kinasema sivyo. Wawili wakitoweka, aliyebaki anadaiwa zote tisa, kisha ahangaike mwenyewe kuwasaka wenzake wamrudishie. Hakuna neno gumu hata moja hapo, na ndiyo hatari yake.

Kwa hiyo siridhiki na maelezo ya sheria yanayobadilisha istilahi moja kwa nyingine. Ukiambiwa rufaa ni maombi ya kupinga hukumu katika mahakama ya juu, umeambiwa kweli, lakini umesaidika nini? Unachohitaji kujua ni kwamba rufaa ina muda wake, na ukipita unaweza kukosa nafasi. Pia, katika nchi nyingi, rufaa si kesi kuanza upya na mashahidi wapya: majaji hupitia zaidi kumbukumbu za kesi ya awali. Tena mara nyingi kukata rufaa peke yake hakuzuii hukumu kutekelezwa, inabidi uombe zuio.

Dhamana ya mahakamani nayo inaeleweka vibaya pande zote mbili. Mshtakiwa akiachiwa kwa dhamana, jamaa zake wanashangilia kama kesi imekwisha, na mlalamikaji analia kwamba mtu amenunua uhuru. Hakuna aliyeshinda wala aliyenunua kitu. Kesi iko palepale. Asipofika, anaweza kukamatwa, na waliomdhamini wakadaiwa fedha walizoahidi.

Wanasheria watasema maneno yao yamepimwa mahakamani miaka mingi, ukiyabadilisha unafungua mlango wa ubishi mpya. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Lakini mwaka 1999 Uingereza na Wales zilianza kutumia kanuni mpya za kesi za madai zilizoacha istilahi kadhaa za kale, hata neno lililozoeleka la kumwita mdai, yaani anayefungua kesi, na mahakama hazikusimama. Afrika Kusini, sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2008 inataka nyaraka zieleweke kwa mtu mwenye uwezo wa wastani wa kusoma, bila kujitesa. Inawezekana, ila anayefaidika na ukungu hana haraka ya kuuondoa.

Wakati huo ukisubiriwa, mimi humwuliza aliyeleta karatasi swali moja: nikishindwa kutimiza hili, nini kitanipata, na lini? Jibu naliomba kwa maandishi, maana "usijali, hicho ni kifungu cha kawaida tu" ya mdomoni kwa kawaida haifuti kilichoandikwa juu ya sahihi yako.