Namba ipo, ila alikushughulikia nani?

Jana nimecheka peke yangu maktaba, watu wananitazama. Nilikuwa kwenye rafu za nyaraka za serikali ya hapa Marekani, naona A 1.9 halafu baada yake ndo inakuja A 1.10, nikasema hawa nao wamekosea, shuleni si tuliambiwa 1.10 ni ndogo kuliko 1.9? Kumbe ile nukta sio desimali, ni kitenganishi tu. A ni wizara ya kilimo, 1 ni ofisi kuu ya wizara, 9 ni vijitabu vya wakulima na 10 ni kitabu cha mwaka. Hawapangi kwa mada kama ule mfumo wa maktaba wa Dewey, wanapanga kwa nani katoa, na wanafanya hivyo tangu miaka ya 1890!

Sasa kwetu Tanzania. Barua imeandikwa kabisa "Unapojibu tafadhali taja", chini Kumb. Na. ndefu yenye mikwaju. Nikataja. Nikapiga simu ofisi moja nikasoma namba yote mpaka folio (namba ya karatasi ndani ya jalada), jibu: "Alikushughulikia nani?" Ningemjua ningesoma namba ya nini jamani! Jalada limekuja kupatikana kwa sababu binamu yangu anafahamiana na karani wa masjala.

Haya, najua mshaanza, "huyu kapanda ndege juzi tu anatuona washamba". Hapana. Mfumo wetu nautetea. Chukua GN, yaani Tangazo la Serikali, ukishakuwa na namba na mwaka huichanganyi na nyingine, na ni fupi. Ubaya wake inakwambia lini tu, sio ya nani wala ya nini, na kila mwaka inaanza moja upya, ukisahau mwaka umekwisha.

Na anayesema tuchukue wa kwao simuelewi pia. Walinzi wao wa pwani walikuwa Hazina, herufi T, 1967 wakahamishiwa Uchukuzi ikawa TD, 2003 Usalama wa Ndani ikawa HS. Watu wale wale, nyaraka zao rafu tatu mbalimbali! Hebu fikiria kwetu, wizara zinavyounganishwa na kutenganishwa, wakutubi si wangeshinda wanahamisha makabati?

Mimi nataka kidogo tu, nikisoma namba kwenye simu, aliyepokea aiandike akaitafute. Maana barua yangu ya pili iko huko inasubiri, na binamu kanitumia meseji asubuhi, yule karani kahamishwa.