Mashine ya Bohari na Barua ya Ijumaa

Kwa kuwa rafiki yangu ameshatangulia kulisimulia jambo hili la kikao cha Alhamisi katika kundi la WhatsApp, na kwa kuwa katika simulizi yake mimi nililia, nimeona niliandike mwenyewe kabla halijaota mbawa. Sikulia. Macho yalinitoka maji kwa sababu mwanga wa projekta ulinipiga usoni, na sababu ya uso wangu kuwa mbele ya projekta nitaifikia. Naandika leo Jumamosi, siku mbili baada ya tukio, masikio yakiwa bado ya moto.

Mlionifuata siku nyingi mnaijua ile mashine ya bohari, maana nimeitetea hapa mara nyingi kuliko nilivyowatetea ndugu zangu wa damu. Ni kompyuta ya Windows XP, na kivinjari chake, yaani programu yake ya kufungulia tovuti, ni Internet Explorer 6, toleo la mwaka 2001. Tangu iwekwe haijawahi kutiwa kiraka cha usalama hata kimoja, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya wadukuzi, kwa kuwa mimi, mlezi wake, niliamini kwamba kitu kinachofanya kazi hakichokonolewi. Mfumo wetu wa kuhesabia mali uliandikwa kwa ajili ya kivinjari hicho na hautaki kingine, kwani unategemea vijiprogramu vya ActiveX. Hivyo ni vijiprogramu ambavyo ukurasa wa tovuti unaweza kuomba kuviingiza ndani ya kompyuta yako, na ukishakubali mara moja, vinapewa funguo za nyumba nzima: vinasoma mafaili, vinayafuta, vinafanya lolote unaloweza kulifanya wewe mwenyewe. Kivinjari kilikuwa na adabu ya kuuliza kwanza, nami nilikuwa na adabu ya kujibu Ndiyo. Nilijibu Ndiyo miaka yote. Ndiyo maana juu ya dirisha langu kulikuwa na safu nne za vitufe ambavyo hakuna aliyeviomba, na ukurasa wenyewe ulikuwa umebaki upana wa bahasha.

Nikiri na hili la nembo, kwa kuwa rafiki yangu amelisahau na sitaki mseme nimeficha. Kivinjari hicho hakiwezi kuonyesha sawasawa picha za PNG zenye mandharinyuma ya uwazi, hivyo mahali panapopaswa kuwa patupu kinapaka rangi ya kijivu. Mimi sikujua. Nilidhani nembo ya ofisi yetu ina kisanduku cha kijivu nyuma yake, na nilipotumwa kuagiza bango la mlangoni, nilipiga picha ya skrini nikaipeleka kwa wachapaji vilevile. Kisanduku kiko mlangoni hadi leo.

Sasa tuje Alhamisi. Jumatatu ijayo ni sikukuu, na mtu yeyote mwenye kalenda anaona kwamba Ijumaa ikiondolewa njiani zinapatikana siku nne mfululizo. Basi asubuhi nilifika mapema, nikafungua Notepad kwenye mashine ya bohari, nikatunga barua ya udhuru yenye tarehe ya kesho yake. Niliporidhika nayo nikainakili, nikaibandika kwenye WordPad ili niikuze herufi, nikaichapa nakala moja, nikamkabidhi rafiki yangu ili aifikishe Ijumaa asubuhi. Kisha, kwa kuwa mimi si mtoto, nikaharibu ushahidi. Nilifunga WordPad bila kuhifadhi, nikafuta faili la Notepad, nikamwaga na pipa la taka. Nilijifuta vumbi mikononi kama fundi aliyemaliza kazi. Kumbukeni kwamba katika orodha hiyo hakuna mahali nilipotaja ubao wa kunakilia, yaani pale kompyuta inapokihifadhi kitu cha mwisho ulichonakili.

Saa nne na nusu tukaitwa kikao, na kikao kilikuwa cha kuamua hatima ya mashine hiyohiyo. Kwa kuwa kifaa hicho ni kizito na waya zake hazigusiki, Mzee, yaani mkuu wetu wa idara, aliamuru tukutane bohari na projekta iunganishwe hapohapo. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mpinzani wangu alikuwa dada mmoja wa kitengo cha TEHAMA, mdogo wangu kwa umri, mpole wa sauti, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amejiandaa.

Alianza kwa kueleza kwamba toleo hilo la kivinjari chetu lilitoka Agosti 2001, kwamba lililofuata halikutoka hadi Oktoba 2006, na kwamba katika miaka hiyo mitano Internet Explorer ilifikia kuwa mikononi mwa zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa wavuti, hivyo mdukuzi aliyetafuta mlango mmoja wa kuingilia nyumba zote alijua mahali pa kubisha. Akaeleza habari za Januari 2010, pale ilipojulikana kwamba Google na kampuni nyingine kadhaa zimeingiliwa kwa kupitia tundu la Internet Explorer, na taasisi za usalama wa mitandao za Ujerumani na Ufaransa zikawashauri watu watumie vivinjari vingine. Akasema kwamba Machi 2010 kampuni moja ya usanifu wa tovuti huko Denver, Marekani, ilikifanyia kivinjari hiki mazishi, jeneza likiwepo, na Microsoft waliokizaa wakatuma maua. Mwaka uliofuata Microsoft hao hao wakaanzisha kampeni ya kuwaomba watu wakiache, na tarehe 8 Aprili 2014 wakaacha kuitengenezea Windows XP viraka vya kawaida.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo bohari yangu inaendeshwa na marehemu?"

Watu wakacheka, nami nikasimama. Nilisema kwamba mashine hii ni salama kuliko zote za ofisini, na ushahidi ni kwamba tovuti nyingi za siku hizi hazifunguki humo kabisa, kwa sababu zinadai usimbaji fiche wa kisasa ambao kivinjari chetu hakijawahi kuusikia. Nikamalizia kwa sauti ya juu kidogo: "Mimi mwenyewe ninayeishi humu nashindwa kutoka, je, mwizi aliye nje ataingilia wapi?" Rafiki yangu alipiga makofi. Katika simulizi yake hakuyataja makofi hayo.

Yule dada hakubishana nami. Aliomba ruhusa ya kufanya majaribio mawili madogo kwa ukurasa aliouweka kwenye kompyuta yake, ndani ya mtandao wetu wa ofisi. Akaandika anwani, akasogea pembeni, akaniambia, "Kaka, bofya mwenyewe, usije ukasema nimekufanyia kiini macho."

Nikabofya.

Bendera ndogo iliyo kwenye kona ya juu kulia ya kivinjari ikaanza kupepea, kama ipepeavyo kila kinapotafuta ukurasa. Nakumbuka niliitazama kwa mapenzi. Ukurasa ukaja mweupe, na juu kabisa kukatokea sentensi moja ya herufi nyekundu: "Kitu cha mwisho ulichonakili kwenye kompyuta hii ni hiki." Hakuna kisanduku kilichoniuliza chochote. Mimi niliyezoea kujibu Ndiyo, safari hii sikupewa hata heshima ya kuombwa ruhusa, maana kivinjari hiki huiachia tovuti yoyote isome ubao wa kunakilia kwa mstari mmoja wa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti, wala hakimwambii mwenye nyumba. Matoleo yaliyofuata yalianza kuuliza. Hili la kwetu halikulelewa hivyo.

Mashine ilikuwa nzito, kwa hiyo maandishi yalichelewa pumzi moja hivi. Neno la kwanza nililoliona lilikuwa "Ndugu". Nikajiambia kwamba ndugu ni wengi duniani. La pili lilikuwa "Mkuu". Hapo kitu fulani kikateremka kutoka kooni kwangu hadi kwenye magoti. Kisha mengine yote yakaja kwa pamoja, yamejaa ukuta mzima, kila herufi sawa na kiganja changu, na Mzee akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma wosia:

"Ndugu Mkuu wa Idara, kwa heshima na taadhima naomba radhi kwamba leo Ijumaa sitaweza kufika kazini. Tangu saa nane za usiku wa kuamkia leo nimeshikwa na tumbo la kuendesha, na hata barua hii naiandika kwa mikono inayotetemeka, nikiwa nimeegemea mlango wa choo."

Alinyamaza hapo. Hakuna aliyekohoa. Yule dada wa TEHAMA alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na naapa kwamba hakujua. Yeye alitarajia kukuta namba za mali au nywila. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kijana, leo ni siku gani?"

"Alhamisi, Mzee."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo asubuhi."

Akahesabu kwa vidole. "Basi bado una saa kumi na tano na robo za kuwa mzima."

Ndipo nikarudiwa na uhai na kuurukia ule msalaba wa kufungia dirisha. Nilifunga. Yakafunguka madirisha mawili, na kila moja lilikuwa na barua yangu nzima. Nikafunga hayo mawili, yakazaliwa manne. Hilo, kama nilivyokuja kujua baadaye, ndilo lilikuwa jaribio la pili: kivinjari kisicho na kiraka cha kuzuia madirisha ibukizi, ambacho kizuizi chake kilikuja mwaka 2004 pamoja na marekebisho makubwa ya Windows XP niliyokataa kuyaweka, huuruhusu ukurasa unaofungwa ufungue mwingine unapoaga. Na kwa kuwa kivinjari hiki hakina vichupo vya kufungulia kurasa nyingi ndani ya dirisha moja, kila barua ilikuja na dirisha lake kamili. Mwambaa wa chini ukajaa. Kama ningekuwa na akili timamu ningenakili neno lolote jingine, hata nukta, na barua ingefutika ubaoni papo hapo. Ninyi mnaolifahamu hilo mkiwa mmekaa kitini, hongereni. Mimi nilikuwa nabofya kama mtu anayeua siafu.

Nilipoona kipanya hakinisaidii, nikafanya lile ambalo rafiki yangu amelisimulia kwa usahihi. Nilijitupa mbele ya projekta na kutanua mikono ili niuzibe ukuta kwa mwili wangu. Siku hiyo nilivaa shati jeupe, na shati jeupe ni kitambaa kizuri cha kuonyeshea picha. Naambiwa kifuani kwangu palisomeka "nimeshikwa na tumbo", na chini kidogo, mahali penyewe hasa, "la kuendesha". Mwanga ukanipiga machoni, na ndiyo hayo machozi mliyohadithiwa.

"Geuka kidogo kulia," Mzee akasema, "sijamaliza kusoma."

Nikageuka. Sijui kwa nini niligeuka. Na hapa ndipo simulizi ya rafiki yangu inapokatika, eti kikao kikafungwa kwa kicheko. Hakikufungwa. Mzee aliendelea hadi mwisho, nami nayaweka hapa maneno hayo kama yalivyokuwa, kwa ajili ya kundi zima la WhatsApp: "Mleta barua, mwenzangu wa kaunta ya pili, amefika kwangu alfajiri, ameniona kwa macho yake nikigaagaa, na yuko tayari kuthibitisha."

Vichwa kumi viligeuka kuelekea kaunta ya pili. Rafiki yangu, ambaye alikuwa amejiinamia kwa kicheko, alinyanyuka taratibu, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaenda kwenye mfuko wa shati, palipokuwa pamechomoza ncha ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Mzee akanyoosha kiganja. Hakusema neno.

Yaliyofuata ni machache. Mashine ilichomolewa kwenye mtandao kabla ya saa saba, mfumo wa mali utaandikwa upya ili ufanye kazi kwenye kivinjari chochote cha kisasa, na hadi hapo bohari inahesabiwa kwa daftari na mimi. Yule dada ameniomba radhi mara tatu, na kila anaponiomba anacheka. Barua imeingizwa kwenye jalada langu, nakala ileile iliyotoka mfukoni.

Jana, Ijumaa, nilifika kazini saa moja kasorobo, kabla ya mlinzi kufungua geti, na rafiki yangu nilimkuta ameshafika. Mzee alishuka kwenye gari, akatukuta tumesimama sambamba kama wanafunzi waliochelewa. Aliitikia shikamoo zetu, akaniuliza kwa upole kama tumbo limetulia, nami nikasema limetulia. Akamgeukia mwenzangu.

"Na wewe uliyemwona alfajiri," akasema, "leo unamwonaje?"

Rafiki yangu, mtu wa maneno, mwenye toleo la kila jambo, alitazama viatu vyake hadi geti lilipofunguliwa.