Watafiti, njooni Februari

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, tunapukuchua mahindi uani, mwenyekiti wa kitongoji akamleta kijana mwenye kishikwambi. Kijana ana adabu: alimwamkia mama, akavuta kigoda, akaanza dodoso. Jana mchana na usiku mlikula nini? Siku 7 zilizopita mlikula maharage mara ngapi? Katika siku 30 zilizopita, kuna mtu wa nyumba hii aliyelala njaa?

Mama alicheka, akamwonyesha rundo la mahindi. "Mwanangu, njaa unaniuliza mwezi wa saba?"

Kijana akabonyeza "hapana", akaendelea. Simlaumu, ndivyo alivyoagizwa. Lakini lile "hapana" limenikaa kooni mpaka leo, kwa sababu najua linakokwenda. Litajumlishwa na "hapana" za majirani, litageuka asilimia, na asilimia itasema kaya za kwetu zina uhakika wa chakula.

Kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na njaa nayo ina miezi yake. Januari kihenge kinalia kitupu. Februari debe la mahindi linakopwa kwa ahadi ya kulipa mawili wakati wa mavuno. Ni mwezi huo huo ambao shamba linadai palizi, na mama yangu, nikiwa darasa la nne, alikuwa analiacha letu kwenye magugu aende kupalilia la mwenye uwezo ili jioni arudi na unga. Nilidhani alikuwa anapenda kazi za watu. Shamba lililokosa palizi likazaa haba, haba hiyo ikagawanywa na deni, iliyobaki ikauzwa mapema kwa bei ya kutupa maana ada haisubiri bei ipande. Mwaka uliofuata tukaanza tena Februari ile ile. Huo mzunguko ndio umaskini wetu, na hakuna swali la siku 30 litakaloukamata Julai.

Na kwa nini Julai? Kwa sababu barabara imekauka. Februari gari la mradi linazama kwenye tope kabla ya kufika shuleni. Robert Chambers, Mwingereza aliyetafiti vijiji miaka mingi, alilisema hili mwaka 1983: wataalamu hutembelea vijijini kiangazi, kwa hiyo miezi mibaya kwa maskini hawaioni. Imepita miaka zaidi ya 40!

Nakubali, si wote. Utafiti wa kufuatilia kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukusanya taarifa mwaka mzima, na hilo ni jambo la kushukuru. Kenya magharibi nako, wachumi Burke, Bergquist na Miguel walifuatilia wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno, badala ya wakati wa kupanda tu. Waliopata mkopo waliweka mahindi, wakauza bei ilipopanda. Faida ikafika asilimia 29 ya fedha za mkopo. Na pale wakopaji walipokuwa wengi eneo moja, pengo la bei kati ya mavuno na njaa likapungua kwa soko zima. Hayo yalichapishwa 2019, na yalionekana kwa sababu watu hao walirudi shambani na sokoni msimu baada ya msimu. Mama yangu hajawahi kuambiwa hata neno moja la matokeo hayo, wala ya dodoso alizojibu yeye mwenyewe. Hii ilikuwa ya tatu.



Kijana alipofunga kishikwambi mama alimuuliza atarudi lini. Akasema kazi inaisha mwezi huu. Mama akaingia ndani, akatoka na kilo kama mbili za maharage kwenye mfuko, akamkabidhi. "Chukua sasa, baba. Mwezi wa pili nisingekuwa na cha kukupa."